Aliyeongoza akashindwa: kura 50 za Orange

Swali la msomaji:

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Kigoma, nina miaka 10 sasa Australia, naishi Orange, New South Wales, na mume wangu na watoto. Uraia tuliupata mwaka 2022, na Machi 2023 tukapiga kura ya jimbo kwa mara ya kwanza. Nilipewa karatasi yenye majina, nikaandika 1 kwa yule niliyemtaka, nikatumbukiza, nikaondoka. Juzi jirani yangu, bibi aliyezaliwa hapa hapa, akanisimulia kwamba mwaka 2016 palikuwa na uchaguzi mdogo huku kwetu, na mgombea aliyeongoza akashindwa, tena kwa kura 50. Kwetu nyumbani aliyeongoza ndiye mshindi, basi. Je, ni kweli? Inawezekanaje? Na mimi na 1 yangu peke yake, nilikosea? Tena mume wangu Kiingereza cha kusoma kinamsumbua. Siku ukitokea uchaguzi mwingine, tufanye nini?"

Jibu:

Marahaba, mdogo wangu, na hongera kwa uraia. Jirani yako hakukudanganya hata kidogo. Tarehe 12 Novemba 2016 watu wa Orange walipiga kura, mgombea mmoja akaongoza wenzake wote kwa kura za kwanza, na baada ya hesabu yote kukamilika akatangazwa mwingine. Na huyo mwingine ni mtu unayemjua: Philip Donato, ambaye jina lake ulilikuta kwenye karatasi yako ya Machi 2023.

Kabla sijaenda mbali, tukubaliane kwanza kuhusu maneno. Tanzania tukisema "jimbo" tunamaanisha mahali mbunge anakotoka. Kenya hapo husemwa eneo bunge. Hapa Australia yapo majimbo makubwa sita, kila moja na bunge lake na serikali yake, juu yake ndipo ipo serikali kuu ya Canberra. Kwa hiyo New South Wales nitaiita jimbo, na Orange nitaiita eneo bunge. Bunge la chini la New South Wales lina viti 93, na Orange ni kimoja. Kiti hicho hakiishii mjini kwako. Kinakwenda magharibi hadi Parkes, kwenye ile sahani kubwa ya kusikilizia nyota yenye kipenyo cha mita 64, kinateremka mpaka Forbes, na katikati kimebeba vijiji vingi vya ngano, kondoo na matunda.

Sasa, uchaguzi mdogo wenyewe ulitokana na nini? Aliyekuwa mbunge, Andrew Gee wa chama cha Nationals, alijiuzulu mwaka 2016 ili agombee ubunge wa Canberra katika eneo la Calare, na Julai mwaka huo akashinda. Hakuhama chama wala hakufukuzwa. Hili nalisema kwa sababu mtu aliyekulia kwetu akisikia "uchaguzi mdogo" mara nyingi huwaza mbunge aliyehama. Kule Tanzania katiba inamvua ubunge anayeacha chama kilichompeleka bungeni, na Kenya nao wana kifungu chao kama hicho. Ndiyo maana Februari 2018 watu wa Siha na Kinondoni walirudishwa vituoni kuwachagua upya watu wale wale waliokuwa wabunge wao wa upinzani, safari hii wakiwa wamevaa kijani cha CCM. Hapa sivyo. Donato huyo huyo alikiacha chama chake Desemba 2022 na kiti akabaki nacho bila uchaguzi wowote, akasubiri uchaguzi mkuu wa Machi agombee bila chama. Uchaguzi mdogo hapa huja mbunge akifariki, akijiuzulu, au akipoteza sifa, na mwenye mamlaka ya kutoa hati ya kuuitisha kwa bunge la chini la New South Wales ni Spika.

Gee alipoondoka, Nationals hawakuwa na wasiwasi, na ukitazama vitabu vya hesabu utawaelewa. Kiti cha Orange kilikuwa chao tangu mwaka 1947, miaka 69 mfululizo. Uchaguzi wa 2015 Gee alipata takriban asilimia 66 ya kura za kwanza. Kwa lugha yetu tungesema ni ngome, na mgombea akishateuliwa na chama ameshakula kiapo. Lakini katika miezi ile ya 2016 serikali ya jimbo, ya muungano wa Liberals na Nationals chini ya Mike Baird, ilifanya mambo mawili ambayo Sydney yalionekana ya kawaida na huku bara yakawaka moto.

La kwanza ni kuunganisha halmashauri. Mpango ulikuwa kuziweka Orange, Cabonne na Blayney chini ya halmashauri moja. Wewe unakaa mjini, huenda usione ubaya wake. Lakini nenda Molong, makao ya halmashauri ya Cabonne, usimame kwenye ile barabara kuu. Katika mji mdogo namna ile halmashauri ndiye mwajiri. Ndiye anayetengeneza barabara ya vumbi inayokwenda shambani kwa fulani, na fundi wa greda ni mtu ambaye watoto wake wanasoma na wako. Mtu wa Molong akiambiwa ofisi inahamia Orange, anachosikia ni kwamba mji wake unazimwa taa. Ujue pia kwamba wao walioandamana na kuweka mabango kwenye nyua zao walikuwa wapiga kura wa Nationals toka enzi za babu zao. Hasira yao ilikuwa hasira ya mtu wa nyumbani.

La pili ni mbwa wa mashindano. Julai 2016 Baird alitangaza kwamba mbio za mbwa zitapigwa marufuku jimbo zima kuanzia katikati ya 2017, baada ya tume ya uchunguzi kueleza jinsi makumi ya maelfu ya mbwa waliokuwa hawana mbio walivyouawa. Mimi nilisoma habari za uchunguzi ule na zinaumiza. Sitasema aliyeshtuka alikosea. Ila mchezo ule huku bara ni wa watu wa kipato cha chini, mzee aliyestaafu na mbwa wake wawili nyuma ya nyumba, na hakuna aliyewauliza. Tarehe 11 Oktoba, mwezi mmoja tu kabla ya kura ya Orange, Baird akageuka na kuifuta marufuku. Aliyekuwa amekasirika hakupoa, na aliyekuwa ameifurahia marufuku akakasirika naye.

Siku ya kura, mgombea wa Nationals, Scott Barrett, aliongoza. Hilo jirani yako amelisema sawasawa. Lakini aliongoza kwa kiasi cha asilimia 31 hivi, yaani chini ya nusu ya alichopata Gee mwaka mmoja na nusu kabla. Wa pili alikuwa Donato, askari aliyekuwa mwendesha mashtaka wa polisi, akiwa na chini kidogo ya robo. Chama chake kinajiita cha wapiga shabaha, wavuvi na wakulima. Hakikuwa kimewahi kushika kiti chochote katika bunge la chini la jimbo. Labor, chama kikuu cha upinzani wakati ule na mpinzani wa jadi wa Nationals, wakawa wa tatu. Kwa utaratibu wa kwetu, Barrett angekuwa anashukuru wapiga kura saa tatu usiku ile ile. Badala yake hesabu iliendelea kwa siku nyingi, Nationals wakaomba kura zihesabiwe upya, zikahesabiwa, na Donato akabaki mbele kwa kura 50.

Hapa ndipo penye swali lako kubwa, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Karatasi ya kura ya kwetu inakuuliza jambo moja tu: unamtaka nani? Karatasi ya hapa inaendelea kukuuliza: na kama huyo hapati, ungemtaka nani? Na kama naye hapati? Ndiyo maana ya zile namba 1, 2, 3. Tuchukue mfano wa kutunga wa kura 1,000. Juma ana kura za kwanza 320, Neema 240, Baraka 190, na wagombea wadogo kwa pamoja 250. Hakuna aliyefika nusu. Wadogo wanaondolewa mmoja mmoja kuanzia wa mwisho, na kila karatasi yao inafunuliwa kutazamwa namba inayofuata inaelekea kwa nani. Tuseme katika zile 250, Juma anaokota 60, Neema 80, Baraka 50, na 60 hazina namba nyingine yoyote. Zimezimika, hazihesabiwi tena. Sasa Juma ana 380, Neema 320, Baraka 240. Baraka ndiye wa chini, naye anaondoka, na karatasi zake 240 zinafunuliwa. Watu wake hawampendi Juma: 20 tu zinakwenda kwake, 120 zinakwenda kwa Neema, na 100 zinazimika. Mwisho wa safari Juma ana 400, Neema ana 440. Neema ameshinda, na hakuna aliyemwibia Juma hata kura moja. Waliomtaka Juma ni wengi kuliko waliomtaka Neema kwanza, lakini waliokuwa radhi kuwa na Neema kuliko Juma ni wengi zaidi.

Hilo la kwanza. Sasa tazama jambo ambalo hata wenyeji wengi hawalioni. Rudi mwanzoni, kura za kwanza ziwe zile zile, 320, 240, 190 na 250. Badili kitu kimoja tu: zile kura za wadogo ziende zaidi kwa Baraka. Juma aokote 60 kama mwanzo, Neema 30, Baraka 100, na 60 zizimike. Sasa Juma ana 380, Baraka 290, Neema 270. Safari hii anayeondoka ni Neema! Na watu wa Neema ni wakulima na wawindaji, hawana mapenzi makubwa na Baraka: 110 wanampa Juma, 70 wanampa Baraka, 90 zinazimika. Juma anamaliza na 490, Baraka 360. Juma ameshinda kwa raha zake. Kura za kwanza ni zile zile kabisa, mshindi ni tofauti.

Ndiyo maana nawaambia watu wangu wote wanaoniuliza kuhusu chaguzi hizi ndogo za bara: msimtazame anayeongoza, mtazameni nani anapigania nafasi ya pili. Katika ngome ya zamani, mgombea wa chama chenye ngome karibu kila mara ataingia fainali. Swali ni nani atakutana naye huko. Akikutana na mpinzani wa jadi, ambaye wakulima hawajawahi kumpigia, anapona hata akiwa amejeruhiwa vibaya. Akikutana na mtu ambaye mkulima aliyekasirika anaweza kumwandikia 2 bila mkono kutetemeka, na mtu wa Labor naye anaweza kumwandikia 2, hapo ngome inaanguka.

Ushahidi upo, wala si wa kutunga. Tarehe 22 Mei 2021 palikuwa na uchaguzi mdogo Upper Hunter, nchi ya makaa ya mawe na farasi, kaskazini ya Sydney. Nao Nationals walikuwa wameishika kwa miongo mingi. Mgombea wao, Dave Layzell, alipata kura za kwanza asilimia 31 hivi. Karibu sawasawa na Barrett wa Orange! Lakini Layzell alishinda, tena kwa karibu asilimia 56 dhidi ya 44. Wagombea walikuwa 13, waliokasirika wakatawanyika kila mmoja kwa wake, wengi wakaandika 1 na kuondoka, na aliyebaki fainali alikuwa Labor mwenye asilimia 21 za kwanza. Kiongozi wa Labor wa jimbo, Jodi McKay, alijiuzulu siku sita baadaye, na nafasi yake ikachukuliwa na Chris Minns, ambaye leo ni waziri mkuu wa jimbo. Asilimia 31 ile ile: Orange ikamwangusha kiongozi wa Nationals, kama nitakavyokueleza mbele, Upper Hunter ikamwangusha kiongozi wa Labor.

Na Wagga Wagga, tarehe 8 Septemba 2018, ndio mfano ninaoupenda kuliko yote, kwa sababu nafasi ya pili iligombaniwa pua kwa pua. Mbunge wa Liberals, Daryl Maguire, alikuwa amejiuzulu baada ya tume huru ya kupambana na rushwa kusikilizisha hadharani mazungumzo yake ya simu kuhusu malipo ya kuuza majengo. Liberals walikishika kiti hicho tangu 1957. Kura za kwanza zilipojumlishwa, mgombea wa Liberals alikuwa na robo hivi, Joe McGirr, daktari asiye na chama, naye robo hivi, na Labor nyuma yao kidogo tu. Kama Labor wangempita McGirr, fainali ingekuwa Liberals na Labor, na mji ule wenye kambi za jeshi na mashamba ungekuwa na uamuzi wa aina nyingine kabisa. McGirr hakupitwa. Kura za Labor zilipofunuliwa zikamjaa yeye, akamaliza na karibu asilimia 60. Mtu huyu alishagombea pale pale mwaka 2011 akashindwa. Aliwaelewa watu wake na watu wake walimzoea. Amerudishwa 2019 na 2023.

Sasa tuje kwenye 1 yako.

Hukukosea. Katika uchaguzi wa jimbo la New South Wales sheria inakuruhusu kuandika 1 peke yake, na kura yako ni halali kamili. Ndivyo ilivyo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Lakini kuruhusiwa ni kitu kimoja, na nguvu ya kura yako ni kitu kingine. Uliyempa 1 akiondolewa, karatasi yako inazimika pale pale. Nimewahi kufanya kazi ya ukarani wa uchaguzi katika ukumbi wa shule ya msingi, kwenye mji mdogo wa bara, na picha hii haijanitoka. Saa 12 jioni milango inafungwa. Masanduku ya kadibodi yanakatwa mihuri, karatasi zinamwagwa kwenye meza zilizounganishwa, na sisi tunazikunjua na kuzipanga mafungu kwa namba 1. Mawakala wa wagombea wanasimama nyuma yetu, mikono mfukoni au mgongoni, kwa kuwa hawaruhusiwi kugusa karatasi, lakini shingo zao zinarefuka kama za twiga. Kisha tunachukua mafungu ya wadogo na kuanza kutafuta namba zinazofuata. Hapo ndipo lile fungu la pembeni linapoanza kupanda: la karatasi zenye 1 na mahali peupe. Likapanda, likapanda, likalizidi fungu la mgombea mmoja. Wakala mmoja mzee alilitazama akanong'ona tu, "Hao wote wamekwenda nyumbani kabla ya mechi kuisha." Naam, ndivyo ilivyo.

Katika Orange ya 2016 karatasi zilizozimika zilikuwa maelfu. Tofauti ilikuwa 50. Weka mambo hayo mawili pamoja uyatazame. Wapiga kura 26 tu wa Donato wangebadili mawazo wakaenda kwa Barrett, mbunge angekuwa Barrett. Au wenye kura zilizozimika 51 waliokuwa afadhali na Barrett wangeandika tu ile namba yao ya pili, pia angekuwa Barrett. Na kinyume chake: kama watu 51 waliomwandikia Donato 2 au 3 wangeona uvivu na kuacha wazi, historia ya Orange ingekuwa nyingine. Watu 51 hawajazi mabasi mawili ya shule.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: jaza namba zote, kuanzia 1 kwa umpendaye mpaka namba ya mwisho kwa usiyemtaka kabisa. Kuna sababu ya pili ya kufanya hivyo, na hii inawaumiza sana wageni wenzetu. Katika uchaguzi wa Canberra, kura ya bunge la chini lazima ujaze visanduku vyote. Ukiandika 1 peke yake kura imeharibika. Mtu aliyezoea ya jimbo anakwenda kwenye ya Canberra na mazoea yale yale, anaandika 1, anatoka akiwa na amani moyoni, kumbe hakuhesabiwa. Ukijizoesha kujaza zote, uko salama kwenye chaguzi zote mbili. Usiogope kwamba kumwandikia mtu 4 ni kumsaidia dhidi ya uliyempa 1. Namba yako ya pili haitazamwi mpaka wa kwanza awe ameshaondolewa.

Jambo dogo la mkono, kwa sababu nimeliona kwa macho: iandike 1 yako kama kijiti kilichonyooka. Wengi wetu, hasa tuliosoma kwa walimu wa Kongo na Burundi, tunaipa 1 mkia mrefu juu, na karani wa hapa akiitazama anaona 7. Usiku ule wa ukumbini tulisimama wanne juu ya karatasi moja, tukaigeuza, tukailinganisha na 7 nyingine iliyoandikwa na mkono ule ule chini yake, ndipo tukakubaliana. Kura ikaokoka. Lakini kwa nini uiache kura yako mikononi mwa bahati?

Umeniuliza pia, ingawa hukulitamka wazi, kama jambo hili lina faida yoyote, mbunge mmoja kati ya 93. Baird alikuwa na viti vya kutosha. Kuipoteza Orange hakukumtoa madarakani. Basi sikia kilichofuata. Siku mbili baada ya kura, hata kabla mshindi hajatangazwa, Troy Grant, kiongozi wa Nationals na naibu waziri mkuu wa jimbo, alitangaza kuachia uongozi. John Barilaro akachukua. Januari 2017 Baird mwenyewe akajiuzulu siasa. Februari, waziri mkuu mpya, Gladys Berejiklian, akatangaza kwamba halmashauri za bara zilizokuwa bado zinabishana mahakamani hazitaunganishwa tena, Orange, Cabonne na Blayney zikiwemo. Ofisi ya Molong ikabaki Molong. Mwaka 2019 chama cha Donato kikaongeza viti viwili vya bara, Barwon na Murray, kutoka mikononi mwa Nationals. Mwaka 2023 wabunge wote watatu, wakiwa wameshakiacha chama, walirudishwa kama wagombea binafsi. Kiti kilichokuwa hakitembelewi na mtu kwa sababu ni cha uhakika kikaanza kutembelewa na kila waziri. Mimi naamini kabisa kwamba uchaguzi mdogo wa bara ndio wakati mwananchi wa huku anapokuwa na sauti kubwa kuliko wakati mwingine wowote, kwa sababu anaweza kuiadhibu serikali bila kuiangusha, na serikali inalijua hilo.

Sasa mumeo. Kwanza, yeye ni raia, kwa hiyo kupiga kura ni wajibu wake kama wewe, na asipokwenda bila sababu ya maana ataletewa barua ya faini ya dola 55. Hata uchaguzi mdogo una faini hiyo hiyo, na wengi hunaswa hapo kwa kuwa hawakusikia kwamba upo. Hakikisheni anwani yenu kwenye daftari la wapiga kura ni hii ya sasa. Mkihama nyumba, badilisheni. Pili, kutojua Kiingereza vizuri hakumzuii. Sheria inamruhusu kuingia na mtu wa kumsaidia, na mtu huyo anaweza kuwa wewe. Kama hataki wewe ujue siri yake, na ni haki yake, amwombe karani. Pale mlangoni atakutana na watu wenye fulana za rangi wakimpa vikaratasi vya kumwonyesha namna ya kujaza. Hivyo vinatoka kwa vyama. Avipokee kwa heshima, akitaka avitumie, akitaka avitie kwenye pipa. Havimfungi hata kidogo, na karani hatamuuliza kama alivifuata au hakuvifuata. Vituo vinafunguliwa saa 2 asubuhi, siku ni Jumamosi, na kwa watu wa zamu kama wengi wenu, kura ya mapema hupigwa kabla ya siku yenyewe.

Mkifika nyumbani jioni kabla ya kura, chukueni majina ya wagombea, kaeni mezani na kalamu, kila mmoja ajipange wake kutoka wa kwanza hadi wa mwisho, mkunje karatasi zenu mzitie mfukoni. Mnaruhusiwa kuingia nazo kituoni na kunakili. Halafu yule bibi jirani yako mwulize yeye mwaka 2016 alimwandikia nani 2.